Mgonjwa Asiye na Ndugu Naye Ana Kauli: Barua ya Wazi kwa Wanaoongoza Hospitali

Kwa wakurugenzi wa hospitali, waganga wafawidhi, wakuu wa wauguzi, na ninyi mnaotunga sera na miongozo ya afya,

Sisi tunaoandika barua hii ni wauguzi, madaktari na maofisa ustawi wa jamii tunaofanya kazi wodini. Tunawaandikia kuhusu mgonjwa ambaye kwa sasa hawezi kuamua mwenyewe juu ya matibabu yake, na hana mwenzi, mzazi, mtoto wala msimamizi anayetambuliwa na sheria wa kusimama naye. Ombi letu ni kwamba kila hospitali iwe na utaratibu ulioandikwa wa kumsaidia mgonjwa huyu kufikia uamuzi, wenye mtu anayewajibika nao na wenye muda maalumu kwa kila hatua. Utaratibu huo uwepo kabla hajafika. Mahali pengi leo unabuniwa usiku uleule anapoletwa, na anayeubuni ni daktari wa zamu aliye peke yake.

Wagonjwa hawa si wachache kama inavyodhaniwa. Yumo mzee aliyewazika wote wa rika lake. Yumo aliyeokotwa barabarani bila kitambulisho, mhamiaji ambaye watu wake wako mbali, mtu mwenye ulemavu wa akili aliyelelewa kituoni, na yule aliyeachana na ndugu zake kwa sababu anazozijua mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulifuatilia wagonjwa 303 waliolazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja nchini Marekani: 49 kati yao, takriban 16 kwa kila 100, hawakuwa na uwezo wa kuamua wala mtu wa kuamua kwa niaba yao. Maamuzi mengi ya kupunguza matibabu yaliyokuwa yanawaweka hai yalifanywa na madaktari wenyewe, bila kamati ya hospitali wala mahakama kuyapitia.

Mgonjwa wa aina hii hudhurika kwa njia mbili zinazopingana. Wa kwanza hutibiwa kupita kiasi: mashine, mirija na vipimo vinaendelea wiki baada ya wiki kwa sababu hakuna anayethubutu kusema inatosha. Wa pili hutibiwa pungufu: upasuaji unaahirishwa, kidonda kinapanda, na hakuna ndugu wa kulalamika mlangoni. Tumewaona wote wawili katika wodi moja, wiki moja. Kinachoamua mgonjwa ataangukia upande gani ni tabia ya daktari aliye zamu, na hali hiyo haifai kuachwa iendelee.

Chanzo kikubwa cha mkwamo ni fomu zetu wenyewe. Hospitali huuliza swali moja, "ndugu yako yuko wapi?", na ndani yake imefunga kazi sita zisizofanana: nani apigiwe simu hali ikibadilika, nani alete nguo na vitu vya mgonjwa, nani adhamini malipo, nani aweke sahihi kwenye fomu ya ridhaa, nani ampokee akiruhusiwa, na nani auchukue mwili akifariki. Jina moja likikosekana, kazi zote sita zinasimama kwa pamoja. Zitenganisheni. Ofisi ya ustawi wa jamii inaweza kushughulikia vitu vya mgonjwa na maandalizi ya kurudi nyumbani. Malipo ni ya idara ya fedha, na mazungumzo yake yasifanyike kando ya kitanda wakati ridhaa inatafutwa. Ridhaa ni ya mgonjwa mwenyewe. Kwa mtu mzima mwenye uwezo wa kuamua, sahihi ya ndugu haiongezi kitu wala haibadilishi kitu, lakini bado tunaona upasuaji ukicheleweshwa kwa mgonjwa mwenye akili timamu kwa kuwa tu mstari wa "sahihi ya ndugu" uko wazi. Mstari huo uondolewe kwenye fomu za watu wazima.

Ujapani imeshughulikia jambo hili waziwazi. Mwaka 2018 wizara yake ya afya iliwakumbusha watoa huduma kwamba kumkatalia mtu kulazwa kwa sababu tu hana mdhamini ni kinyume cha sheria ya madaktari, na mwaka 2019 ukatolewa mwongozo wa kuwahudumia wagonjwa wasio na jamaa, unaochambua kazi za mdhamini moja baada ya nyingine na kuonyesha nani mwingine anaweza kuzifanya. Kuna somo jingine huko kwa wanaodhani dawa ya kila kitu ni kumteulia mgonjwa msimamizi. Chini ya mfumo wa usimamizi wa watu wazima ulioanza huko mwaka 2000, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama hana mamlaka ya kuridhia matibabu. Kuwa na msimamizi kwenye karatasi kunaweza kukuacha palepale ulipokuwa.

Sasa tuseme kinachotakiwa kufanyika kitandani, maana hapo ndipo mambo huharibika mapema zaidi.

Hatua ya kwanza ni kutoamini haraka kwamba mgonjwa hawezi kuamua. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa uamuzi husika na kwa wakati husika. Mtu anaweza asiweze kulinganisha njia mbili za upasuaji lakini akaweza kabisa kusema ni jirani gani anayemwamini, na hilo tu linatosha kufungua mlango. Kipimo cha kumbukumbu cha alama 30 hakijibu swali hili. Aliyepata 18 anaweza kuelewa vizuri kwamba mguu wake umeoza na atakufa usipokatwa, na aliyepata 28 anaweza akawa haamini kabisa kwamba anaumwa. Kinachopimwa ni mambo manne: anaelewa anachoelezwa, anakishika kichwani kwa muda wa kutosha kuamua, anakipima dhidi ya hali yake mwenyewe, na anaweza kutoa jibu kwa njia yoyote ile. Uamuzi unaotushangaza sisi hauthibitishi kwamba uwezo haupo.

Hatua ya pili ni kutafuta kinachoweza kutibika. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni kwa kawaida mno kwa wazee waliolazwa na kwa wagonjwa mahututi, na mara nyingi kunarudi nyuma chanzo kikishughulikiwa: maambukizi, upungufu wa maji, sukari kushuka, oksijeni ndogo, mkojo uliobana, choo kigumu cha siku nyingi, maumivu yasiyotulizwa, dawa za usingizi, au dawa za mzio za aina ya zamani. Hupanda na kushuka ndani ya siku moja na mara nyingi huzidi jioni. Kwa hiyo daktari anayempima mgonjwa saa mbili usiku, miwani ikiwa kwenye begi na kifaa cha kusikia kikiwa hakina betri, kisha akaandika "hana uwezo wa kuamua", amepima jioni ile na ukosefu wa miwani. Neno hilo likishaingia kwenye faili hunakiliwa kila siku na kila anayekuja baadaye. Tunaomba iwe kanuni: uamuzi ukiweza kusubiri, upimaji urudiwe asubuhi, baada ya maji na dawa ya maumivu, mgonjwa akiwa amekaa, chumba kikiwa kimya, na mkalimani akiwepo ikiwa lugha si moja. Mkalimani asiwe mfanya usafi wala mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Namna ya kuuliza nayo inafundishika. Sema jambo moja, nyamaza, kisha mwombe alieleze kwa maneno yake: "Nimekuambia nini kuhusu mguu wako?" "Ukikatwa nini kitatokea, na usipokatwa?" "Kwa nini umechagua hivyo?" Rudi baada ya saa moja uulize tena, jibu likibaki lilelile, lina uzito. Aliyepatwa na kiharusi anaweza kuelewa kila kitu na asipate neno hata moja la kusema, kwa hiyo tumia picha, kidole, au kufumba macho, na uhakikishe ndiyo yake ni ndiyo kwa kuligeuza swali. Muulize kama anataka mguu ukatwe, kisha baadaye muulize kama anataka mguu ubaki. Akiitikia yote mawili, bado hujapata jibu. Na mgonjwa anayevuta mrija wa pua kila mara asifungwe mikono kabla hujauangalia mrija wenyewe. Huenda umeziba, umemchubua, au umekaa vibaya. Ukiwa sawa na bado anauvuta siku tatu mfululizo, hiyo ni kauli, iandikwe kama kauli na ijadiliwe.

Wakati huohuo mtu mmoja mwenye jina, si "wodi", aanze kutafuta anayemfahamu mgonjwa. Tunaomba kwa saa 24 za mwanzo aangalie simu yake, mifuko, lebo za dawa alizokuja nazo, kadi za kliniki, mafaili ya zamani, aliyemleta, mwenye nyumba, mwajiri, viongozi wa dini, polisi, na ubalozi ikiwa ni mgeni na hana sababu ya kuiogopa serikali yake. Kosa la kila siku ni kupiga simu mara moja, isipokewe, na kuandika "ndugu hawapatikani". Andika namba, saa, na majibu. Piga tena kwa saa tofauti, na siku ya mapumziko. Anayepokea aambiwe tu kwamba mtu huyu yuko hospitali na tunatafuta wanaomfahamu. Ugonjwa usitajwe. Na kabla ya simu ya kwanza, mgonjwa akiwa na fahamu yoyote aulizwe: "Kuna mtu ambaye hutaki tumwambie?" Damu moja haimfanyi mtu kuwa salama. Kinyume chake, jirani aliyemnunulia dawa kwa miaka anaweza kujua matakwa yake kuliko binamu anayefika leo. Chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilisema hivyo katika msimamo wake wa mwaka 2017: marafiki wa karibu na majirani wanaomjua mgonjwa wafikiriwe kama wasemaji wake pale jamaa hawapo.

Basi nani aamue, ikiwa uwezo haujarudi na hakuna aliyepatikana? Jibu letu linategemea uzito wa jambo na muda uliopo. Dharura inayotishia uhai hutibiwa mara moja kwa kiasi kinachohitajika kumwokoa, na hakuna kamati inayosubiriwa. Isipokuwa kama kuna maandishi halali ya mgonjwa yanayokataa tiba hiyo. Huduma za kawaida kama kuchukua damu, kufunga kidonda, au kutoa antibiotiki ziamuliwe na timu inayomtibu, na sababu iandikwe. Mambo mazito, yaani upasuaji mkubwa, kukata kiungo, mrija wa kudumu wa kulishia, kuanza kusafisha damu kwa mashine, kuhamishiwa kituo cha kudumu, na kutoanza au kusitisha tiba ya kumweka hai, yasiamuliwe na daktari mmoja hata awe bingwa wa mabingwa. Anayetibu anajua ugonjwa, lakini pia ana kitanda kinachohitajika na ana mtazamo wake juu ya maisha gani yana thamani ya kuishi. Watu watatu wanatosha: daktari asiyehusika na mgonjwa huyo, muuguzi au ofisa ustawi wa jamii, na mtu wa nje asiyelipwa mshahara na hospitali. Kila mmoja awe na naibu, kwa sababu wagonjwa hawa huletwa Ijumaa jioni.

Kuna mfano uliodumu wa kujifunzia. Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales, ilianzisha watetezi huru wa wagonjwa wasio na wa kushauriwa juu yao, na huduma ilianza mwaka 2007. Mtetezi huitwa pale tiba nzito inapopendekezwa, au mtu anapotarajiwa kuwekwa hospitali zaidi ya siku 28 au kituo cha matunzo zaidi ya wiki 8. Ana haki ya kuzungumza na mgonjwa faraghani, kusoma sehemu za faili zinazohusika, na kuomba maoni ya daktari mwingine. Haamui yeye. Anaandika ripoti ambayo mwamuzi analazimika kuizingatia. Kwa maoni yetu mpaka huo ndio unaoufanya mpango ule ufanye kazi: mtetezi anabaki upande wa mgonjwa, na wajibu wa uamuzi unabaki kwa mtu anayejulikana kwa jina.

Tuchukue mguu wa mgonjwa wa kisukari uliooza na kutoa usaha, mwenyewe akiwa na homa na amechanganyikiwa. Saa ya kwanza ni ya maji ya mshipa, antibiotiki, sukari, vipimo na dawa ya maumivu. Hapa hakuna cha kusubiri. Daktari wa upasuaji aulizwe swali mahususi: je, tunaweza kufungua na kukamua usaha leo, na kuacha suala la kukata hadi kesho? Mara nyingi inawezekana, na hiyo ndiyo njia inayomwachia mgonjwa nafasi kubwa zaidi. Maambukizi yakitulizwa, asubuhi anaweza kuamka na kusema mwenyewe. Akisema hapana kwa akili iliyotulia, ni hapana. Ataendelea kutibiwa maumivu na kidonda, na ataulizwa tena bila kutishwa. Asiporudi katika hali yake, watu watatu wakutane siku hiyohiyo wakiwa na majibu ya jirani au mwenye nyumba: anaishije, anapanda ngazi ngapi, nani humsaidia, aliwahi kusema nini alipoona mwingine amekatwa. Usaha ukisambaa kabla hawajakutana, hiyo sasa ni dharura na daktari atende. Mguu mkavu uliokufa bila maambukizi ni habari nyingine kabisa, unaweza kusubiri, na kuuharakisha kwa kuwa nafasi ya chumba cha upasuaji imepatikana ni kosa.

Pale matokeo yasipotabirika tunapendelea tiba ya majaribio kwa muda uliotajwa. Mashine ya kupumulia au ya kusafisha damu ianzishwe kwa siku kadhaa zilizoandikwa, pamoja na dalili zitakazoangaliwa siku ya mwisho, na nani atakutana kuziangalia. Bila tarehe, majaribio hugeuka kuwa hali ya kudumu.

Mahakama ibaki kwa mambo yanayobishaniwa au yasiyo na njia nyingine. Ni ya polepole, na amri ya usimamizi kamili humpokonya mtu hata maamuzi anayoyaweza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, katika kifungu cha 12 unazitaka nchi zimpe mtu msaada anaouhitaji ili atumie haki yake ya kuamua. Ikibidi kwenda mahakamani, iombwe amri ya jambo moja na kwa muda maalumu. Wakati inasubiriwa, mgonjwa aliyepona asiachwe kitandani kana kwamba hana pa kwenda: kila wiki ya ziada ni misuli inayopungua, vidonda vya mgongoni, na maambukizi ya wodini.

Kitu cha bei ndogo kuliko vyote kinaweza kuanza zamu ijayo. Mgonjwa yeyote anayelazwa akiwa na fahamu, hasa mzee anayekwenda kupasuliwa ambaye tunajua anaweza kuchanganyikiwa baada ya dawa ya usingizi, aulizwe mambo matatu na majibu yaandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa faili: ukishindwa kuongea tumsikilize nani, kuna tiba usiyoitaka kabisa, na ni kitu gani ukikipoteza utaona maisha yamekuwa mazito kupita kiasi kwako. Ni dakika kumi. Majibu yasomwe kwa sauti kila zamu inapokabidhiana, kwa sababu karatasi nyingi za aina hii hupotea kati ya wodi na chumba cha upasuaji.

Tunawaomba ndani ya siku 30 mteue mtu mmoja wa kuusimamia utaratibu huu na naibu wake, na majina na namba zao zibandikwe kila wodi. Ndani ya siku 90 fomu za ridhaa ziwe zimerekebishwa, orodha ya watu watatu wa zamu iwe imeanza kazi usiku na siku za mapumziko, na wakalimani wawe wamepatikana. Baada ya hapo kila robo mwaka mhesabu wagonjwa waliopita njia hii: ilichukua saa ngapi kutoka kutambuliwa hadi uamuzi, wangapi walirudiwa na uwezo wakaamua wenyewe, wangapi walifungwa mikono, wangapi walibaki kitandani baada ya kupona, na uamuzi ulioandikwa ulifuatwa au la. Hesabu hizo mtupe na sisi tulio wodini, tuko tayari kukaa nanyi kuzipitia.

Wauguzi, madaktari na maofisa ustawi wa jamii wa wodini